Kifaranga wa Kishungi

Mimi nilisema toka mwanzo kwamba yule ni jogoo. Naanza na hilo ili lieleweke, maana hapa Ndalambo watu wanapenda kugeuza maneno. Nilimshika miguu, nikamning'iniza kichwa chini, akapiga mabawa na kuinua kichwa kunitazama kwa dharau. Mtetea ukimning'iniza hutulia. Ndivyo mama yangu alivyotufundisha, na ndivyo nilivyomwambia wifi yangu Tabita, mke wa kaka yangu Rubeni. Tabita akamchukua mikononi mwangu, akamrudisha kwenye boksi lake kando ya jiko, akasema kwa ile sauti yake ya pole kwamba hata yeye akining'inizwa miguu atapigana.

Huyo ndiye Tabita. Hapandishi sauti, lakini ukimsukuma hasogei. Alikuja kwetu kuolewa kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mama yake akiwa ameshafariki. Sasa katika ukoo wetu binti akiolewa huondoka na mtetea kutoka kwa mama yake, na shangazi ndiye humbeba mpaka uani kwa wakwe. Ni ili akaanze na kuku wake, asiombe hata yai la mtu. Jogoo habebwi, jogoo ni wa kuchinjiwa wageni. Tabita alifika mikono mitupu, na wanawake wa hapa walisema weee mpaka midomo ikachoka. Mama yangu akaingia bandani, akatoka na mtetea wa kishungi, wale ambao manyoya yamewasimama kichwani kama kofia. Akamkabidhi mbele ya watu wote na kumwambia, "Mama yako ni mimi." Tabita alilia siku ile mpaka na mimi nikalia, na mimi si mtu wa kulialia.

Mama alikuja kufariki, lakini uzao wa yule kuku haukukatika uani kwa Tabita. Kwa hiyo binti yake, Nesta, alipochumbiwa na Danford wa Chitete, hakukuwa na mjadala: ataondoka na kuku wa bibi yake. Halafu kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, kikapita. Kilifagia kwake, kikafagia kwangu, kikafagia kijiji kizima, ukiamka asubuhi unasikia kimya tu. Alipona mmoja, kifaranga aliyechelewa kutotolewa akawa analelewa ndani. Kifaranga mmoja, harusi inakuja, na ilikuwa lazima awe jike.

Kuku wa kawaida hasumbui. Unangoja kilemba. Cha jogoo huanza mapema kukua na kuwa chekundu, cha jike hubaki kidogo, kimepauka. Lakini hawa wa kishungi, manyoya yanafunika kila kitu. Kila nikienda kumwona nilifunua yale manyoya nikakuta wekundu, Tabita akaja akafunua palepale akasema anaona weupe. Miguu mimi niliiona minene, yeye akaiona ya kawaida. Manyoya ya shingo yalipoanza kuchongoka na kung'aa, nikamuuliza ni mtetea gani huyo mwenye shingo ya bwana harusi. Akasema ni dagaa anaomlisha. Na kweli, watoto wa watu wanakula mboga za majani, kuku wa Tabita anakula dagaa!

Kilichompa nguvu ni kwamba yule ndege hakuwa amewika hata mara moja. Nikamweleza kwamba hapa kijijini hakuna jogoo aliyebaki, sasa huyu awike na nani? Nikamshauri twende sokoni Tunduma tununue mtetea wa kueleweka, huyu tumle na ugali. Hapo ndipo nilipomwona wifi yangu amekasirika kwa mara ya kwanza.

"Wa sokoni hakutoka kwa mama," akasema.

Habari ya soko nikaiacha hapohapo.

Siku ya harusi nikambeba. Shangazi ni mimi, ningefanyaje? Nikamfunga ndani ya kitenge, kichwa tu nje, tukapanda pikapu. Kwetu mama wa binti haendi na msafara, kwa hiyo Tabita alibaki amesimama barabarani anatuangalia. Barabara ya Chitete ilivyokuwa inaturusha, mimi nilimwomba Mungu jambo moja tu, kwamba ndege huyu anyamaze mpaka kesho.

Tukafika uani kwa mama Danford, vigelegele vimepamba moto. Nikasogea mbele, nikamwinua kuku ili wamwone. Jogoo wa majirani akawika huko ng'ambo ya bonde. Huyu wangu akanyoosha shingo ndani ya kitenge akamjibu. Aliwika vibaya, sauti ikamkatikia njiani, lakini hakuna aliyehitaji kuuliza. Vigelegele vikazimika. Nesta akainamisha kichwa ndani ya shela, na kuna waliocheka. Masikio yakanichemka, nikawa tayari kugombana na yeyote pale.

Nikamwambia mama Danford ukweli wote mbele za watu: kideri, kifaranga mmoja, Tabita alivyoolewa bila mama. Nikamwambia akitaka kucheka acheke, ila ajue anamcheka nani. Hakucheka. Akanyoosha mkono kuelekea masufuria yaliyokuwa yanachemka nyuma ya nyumba.

"Jogoo wetu wa mwisho yumo mle, nimewachinjia ninyi," akasema. "Mitetea ninayo, mume hawana. Mlete huyo bwana harusi wa pili."

Niliporudi, Tabita aliniuliza kabla sijashuka kwenye gari kama amewika. Nikamwambia amewika. Akakaa chini palepale kando ya barabara. Nikammwagia yaliyobaki harakaharaka kabla machozi hayajatangulia, lakini yalikuja hivyohivyo, na kicheko kikaja juu yake. Rubeni alifikiri tumepatwa na msiba.

Juzi Nesta amekuja kuwasalimia wazazi, amebeba kapu. Ndani kulikuwa na vifaranga wa kishungi, manyoya ndiyo kwanza yanasimama vichwani. Tabita, ambaye siku hizi hachezi na chanjo, alishaulizia dawa ya matone ya kideri kabla hata hawajafika. Akatoa kifaranga mmoja akanikabidhi, akaniambia nimning'inize basi, roho yangu itulie.

Nikamshika miguu. Akapiga mabawa, akainua kichwa, akanitazama. Nikafungua mdomo.

"Usiseme," Tabita akanizuia. Akamchukua, akamlaza kwenye lile boksi kando ya jiko. "Akiwa jogoo, naye ametoka kwa mama."

Nikanyamaza. Lakini yule ni jogoo.