Joto la Beseni la Mama Apolina

Jumatatu iliyopita tulimzika mume wangu, Mwalimu Asukulu, hapa Baraka. Mwanangu, watu wanasema nimetulia. Si kweli. Nina wivu, na ni wivu wa zamani.

Nakumbuka Jumamosi moja, nchi bado inaitwa Zaire. Mume wangu alifundisha kemia katika shule isiyo na chombo hata kimoja cha majaribio, kwa hiyo kila Jumamosi aliwapeleka wanafunzi kwa Mama Apolina, mjane aliyepika sabuni ya mawese. Kila mara alirudi ananukia sabuni, uso umechangamka, halafu ananiuliza neno moja tu: "Chakula iko?" Mimi niliacha shule darasa la nne. Nilijua kwamba kule anasema sana.

Siku hiyo nilimfuata. Nilimkuta amevaa abakosti yake, lile koti lisilo na tai, ameinama karibu na mjane, wanacheka. Wanafunzi walijaa uani, lakini mimi niliwaona wawili tu.

"Karibu, Mama Mwalimu," Apolina alisema. "Umekuja kuhesabu bwana yako? Angalia, iko muzima."

"We unamuitia nini kila Jumamosi?"

"Dada, mi sitaki bwana ya muntu. Yangu alinichosha mpaka akachoka mwenyewe, akakufa."

Wanafunzi walicheka. Mbele yangu palikuwa na beseni lenye soda kali ya sabuni, bado kavu. Nikachukua bakuli la maji, nikaimwagia ili niiharibu. Ikanguruma, ikachemka bila moto, ikaruka. Mume wangu alinisukuma nyuma, na mkono wake ndio ulioungua.

Apolina alimmwagia maji mengi mkononi, muda mrefu, akinikaripia. "Soda ndiyo unatia ndani ya maji, pole pole! Maji humwagi juu yake! Ungeua macho ya batoto!"

Nikauliza, "Moto haukuwepo. Joto limetoka wapi?"

Mume wangu aliniangalia kama mtu anayekutana nami mara ya kwanza. Akanieleza mimi, si wanafunzi. Alisema kwamba katika soda, sodiamu imekwisha kuachia elektroni yake moja, ikabaki na chaji chanya. Ndani ya maji, oksijeni huvutia elektroni upande wake zaidi kuliko hidrojeni, ndiyo maana upande huo una chaji hasi kidogo. Basi maji huizunguka sodiamu na kuishika. Kutenganisha vilivyoshikana hula joto. Kushikana hutoa joto. Hapa lililotoka limezidi lililoliwa.

Nilielewa nusu. Lakini tangu siku hiyo, kila Jumamosi nilikaa kwenye kigoda kando ya beseni, nikiuliza.

Mwanangu, wivu ukikupanda, usimwage kitu. Uliza. Pengine unachokililia hakijafichwa, hujakiomba tu. Mungu akujalie mtu wa kukujibu, naye akujalie maswali usiyoyaonea haya.

Jana wanafunzi wake wa zamani, wenye mvi sasa, walikaa matangani wakikumbushana masomo ambayo mimi sikuyasikia. Niliwaonea wivu wote. Kisha Apolina akaja na mkongojo, akakaa mkekani pangu.

"Neno lake la mwisho lilikuwa nini?" aliuliza.

"Chakula iko?"

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikaanza kulia.