Mpira wa Nyuma ya Injini

Leo kwa fundi nimenusa mpira wa injini uliopata moto, nikajikuta tena mtoto, nyumbani kwetu Malindi, nikikimbia baina ya dirisha la mama na uani.

Baba alikuwa amefariki, na mama yuko edani. Hatoki, wala haonekani na wanaume wa nje. Ami, ndugu yake baba, alikuwa amemleta fundi alitazame gari la marehemu. Kila likiwashwa, injini ilipanda kwa kelele, ikashuka, ikatetemeka kama mtu mwenye pumu, kisha ikazima. Fundi akabadilisha plagi. Wapi!

Mama alikuwa ameegemea dirisha lililofungwa, nguo yake nyeupe imemganda mgongoni kwa jasho.

"Kamwambie asitafute kabureta, hilo halina," akaniambia. "Linavuta hewa. Babako alikuwa akiubana kwa vidole ule mpira wa hewa ulio nyuma ya injini, pale penye ufa, linatulia."

Nikamwambia fundi. Akaubana, na injini ikatulia, ikawa yanguruma taratibu. Akauziba ufa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Nyuma ya dirisha nikamsikia mama akicheka, mara ya kwanza tangu tuzike.

"Limepona, shemeji!" ami akapaza sauti. "Basi naenda nalo Kilifi. Hapa halina mwenyewe."

Mama akaja mbio hadi kizingitini, akakwama papo hapo, mikono imeshika miimo ya mlango. Gari likatoka uani, likashika njia, na injini haikukatika hata mara moja.