Kidole cha Bibi Kwenye Wino

Kosa langu kubwa la kwanza, mwanangu, nililifanya kwa kidole kisicho changu. Sina mvi bado, lakini wewe ni mtoto wa kaka yangu, kwa hiyo nisikilize kama mkubwa.

Nakumbuka asubuhi ile ya ukungu, wodini. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeuozesha mguu wa kulia wa Bibi. Daktari alisema ukikatwa huenda akaishi miezi kadhaa; usipokatwa, ni siku chache. Bibi alikuwa ameshatuambia tangu nyumbani Nyakisasa: "Kwa marehemu babu yenu nataka niende nikitembea. Niacheni nife karibu na jiko langu." Tulicheka. Mimi nilikuwa nimejisomea vitabu vya tiba peke yangu, na niliogopa mno kukosea. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi niliogopa jibu.

Fomu ya kukubali upasuaji ikaletwa. Daktari akaniagiza nimweleze mgonjwa kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, kisha aweke dole gumba. Akatoka. Bibi alikuwa amefumba macho. Nilikishika kidole chake, nikakigandamiza kwenye wino. Kikajivuta nyuma, kidogo tu, kama mtu aliyegusa maji baridi. Nikajiambia ni usingizi. Nikakaza.

Baada ya upasuaji alifumbua macho, akatazama palipokuwa na mguu, kisha akanitazama mimi.

"Nilikuwa macho," alisema. "Nilikuwa nangoja uniulize."

Hakusema tena. Wanawe walikaa kando ya kitanda wakingoja maneno yake ya kuaga, kama ilivyo desturi yetu. Yeye aligeukia ukuta. Siku ya nne akafa.

Asubuhi baada ya maziko nilikuta nyayo kwenye udongo laini wa migombani, kutoka kaburini hadi mlango wa jiko lake. Zote za mguu wa kushoto. Nilizikagua mara mbili, nikitafuta alama ya fimbo. Haikuwepo. Nikazifagia kabla shangazi yangu hajaamka, na sijamwambia mtu ila wewe.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mjukuu ndiye mimi. Mwili wa mtu ni nyumba yake. Piga hodi hata ukikuta mlango wazi. Mgonjwa akiwa amefumba macho, mwite, muulize, ngoja. Akikataa, kaa naye hivyo hivyo. Mungu akujalie masikio ya kusikia hapana, na siku yako ikifika, akupe mtu wa kukuuliza.

Siku hizi mimi ni mhudumu wa afya hapa kijijini. Kidole cha mgonjwa sikishiki. Namsogezea wino, nangoja.