Dada Salome na Karatasi ya Nne

Alizaliwa pwani ya Gine yapata mwaka 1731. Jina alilopewa na mama yake hatulijui, maana hakuna hata mmoja wetu aliyejisumbua kumwuliza. Mwaka 1758 jumuiya yetu ya Friedenfeld, huko Karolina, ilimnunua alime shayiri na kitani. Akabatizwa Salome, akaoshwa miguu pamoja na akina dada, akapewa busu la amani. Kisha tukampeleka kulala darini, juu ya zizi la ng'ombe. Aibu hiyo ni yetu, tusimtupie mtu mwingine.

Aliolewa na Yonathani, mtumwa mwenzake. Shamba letu lilisimama kwa mikono yao. Mwaka 1771 mvua ilikataa, wazee wakaazimia kumuuza Yonathani, na kwa desturi yetu wakamwachia Mwokozi neno la mwisho kwa kura ya karatasi zilizotiwa bakulini. Ndugu Traugott Ziegler, mmoja wa wazee hao, akatia mkono, akatoa moja. Karatasi ikasema auzwe pwani ya Karolina, kwenye mashamba ya mpunga, ambako homa haibakizi watu.

Salome aliitwa, akasimama mlangoni na udongo miguuni.

“Dada, Bwana amesema,” Traugott akamwambia. “Tusimpinge.”

“Simpingi, Ndugu. Ila hebu niambie, mlimwekea karatasi ngapi?”

“Tatu. Ya pwani, ya Virginia, na tupu, ya kusubiri.”

“Na ya kumwacha huru?”

“We mama, ushaanza!” mzee mmoja akafoka.

“Basi msimsingizie Bwana. Mmemziba mdomo, halafu mnasema kanena!”

Traugott aliona haya mpaka masikio yakamwiva. Lakini karatasi ya nne hakuiandika, na Alhamisi gari la maksai likamchukua Yonathani.

Salome aliendelea kulima, kusali, na kuwauguza hata wale wazee. Februari 1784, Salome akiwa mahututi, Traugott alipiga magoti kando ya kitanda chake akiomba radhi.

“Nilishakusamehe zamani, Ndugu. Sasa nenda kamwandikie Yonathani ile karatasi ya kumwacha huru.”

Akaiandika kwa mkono wake, akaenda pwani na maksai wake wawili, awatoe kama fidia ya kumkomboa Yonathani. Akakuta amezikwa miaka minne iliyopita. Aliporudi, Salome naye alikuwa kaburini.

Wapo wanaosimulia kwamba mwaka ule shayiri iliota yenyewe kando ya njia ya pwani, na sisi hatubishi. Tunachokijua ni kwamba karatasi ile ingali kanisani kwetu, safi, haina wa kuipokea. Anayetaka kumfuata Dada Salome, kabla hajasema Mungu ameamua, na aseme kwanza ni karatasi ipi aliyoificha.