Mwenyekiti wa Banda la Kuku

Leo mamangu katolewa bandani na mjukuu wake!

Mwanaidi wangu ndiye mwenyekiti mpya wa klabu ya wakulima vijana hapa Shika Adabu. Sheria yao: huingii kwa kuku kabla hujakanyaga beseni la dawa ya kuua viini.

Wazazi tukaalikwa. Mama, mfugaji wa miaka yote, kapita moja kwa moja na ndara zake.

"Shikamoo bibi. Tafadhali toka ukanyage dawa kwanza." Mwanaidi huyo, amwonyesha beseni.

Jamani, nilitafuta pa kuficha uso.

Mama akatoka. Akakanyaga dawa, akangoja mlangoni kama mgeni.

"Bibi, karibu sasa."

"Abee, mwenyekiti."

Abee! Mama, ambaye sisi wanawe ndio humwitikia hivyo!

Mtoto akamkumbatia, analia.

Saa hii wako jikoni.

"Mwenyekiti, nipe chumvi!"

"Abee, bibi."