Binti wa Dera na Bango la Sinza

Wasomaji wangu, wiki hii nimeletewa habari ya msiba kutoka Chang'ombe. Amefariki mama mmoja fundi cherehani, ambaye hakuwa ndugu yangu wala rafiki yangu. Nilikwenda kwake mara moja tu, akanipa chai, kisha akanisema mpaka nikakosa pa kuweka uso. Nakiri nililia kidogo nilipopata habari, na mwenyewe nilijishangaa.

Wengi mnalikumbuka lile bango la duka la nguo pale Sinza, miaka mingi iliyopita. Lilikuwa na wasichana wawili. Mmoja, mweusi tii, amevaa dera na kushika mwiko. Wa pili, mweupe, ameketi kwenye sofa na gauni la sherehe. Simu zetu zilichemka siku tatu mfululizo, na watu wakaapa hawanunui hata soksi pale. Nami hasira ya umma haijawahi kunikuta nimelala. Niliandika safu kali kuliko zote nilizowahi kuandika, nikauliza nani aliyetufundisha kwamba mweusi ni wa jikoni na mweupe ni wa sebuleni. Bango likashushwa, nikajipongeza.

Siku chache baadaye yule mama alipiga simu ofisini kwetu, akasema yeye ndiye mzazi wa binti mwenye dera na kwamba ananihitaji. Nilikwenda mbio nikitarajia asante. Nilimkuta kwenye cherehani yake, akanieleza kuwa nguo zote mbili za kwenye bango alizishona yeye, na kwamba binti yake alichagua mwenyewe kuvaa lile dera kwa sababu lilikuwa na mifuko, mtindo aliobuni mama yake. Kisha akaniuliza, “Kaka, wewe wale watoto uliwaona?” Nikasema niliwaona kwenye bango. Akacheka. “Basi hukuwaona. Wale rangi yao moja. Huyo wa pili ni wa jirani yangu, hapo nyuma tu.”

Nikataka kujua imekuwaje. Studio zetu mnazijua: ukipigwa picha ya harusi au ya kipaimara, mpiga picha anakung'arisha uso kwenye kompyuta uwe mweupe, bila kukuuliza, kama vile anavyokufutia chunusi. “Mie nilisimama nyuma ya kiti cha mpiga picha wa bango,” alisema yule mama. “Kamaliza wa jirani, kaanza kumng'arisha wangu. Nikamwambia acha hapo hapo, huyu nimemzaa hivi. Akasema, mama, mbona kila mtu tunamfanyia? Nikamwambia mwanangu usimguse.” Kwa hiyo tofauti iliyotukasirisha mji mzima ililetwa na mama mmoja aliyeipenda sura ya mwanawe kama ilivyo.

Nilijitetea kwamba hata hivyo ule mwiko ulikuwa vibaya. Hakubisha. “Mwiko ni ujinga wa mwenye duka, na nilimwambia. Lakini nyie mlipopiga kelele, kafanya nini? Kapandisha bango jipya, kamwacha wa jirani peke yake. Wangu katolewa. Jana kaniuliza, mama, ningekubali kung'arishwa si ningekuwa bado nipo? Haya, wewe mwandishi, nimjibu nini?” Nilimaliza chai, nikaaga.

Njiani nilisimama mbele ya studio moja kutazama picha zilizobandikwa kioo kizima. Mabwana harusi, bibi harusi, mashangazi na watoto wa ubatizo, wote walikuwa na rangi moja ambayo sikuiona kwa mtu yeyote aliyepita barabarani. Hakuna mgeni aliyetufanyia hivyo. Tumeagiza wenyewe, tumezitundika sebuleni, halafu siku ya bango tukashtuka. Sisemi tulikosea kukasirika. Najiuliza tu kwa nini hasira ile haikuwahi kuingia studio, na kwa nini nilipoiandika sikumtafuta hata mtu mmoja aliyekuwamo kwenye picha.

Msibani nilimkuta yule binti, sasa mtu mzima, naye anashona. “Shikamoo, anko.” Nikampa pole, kisha nikamwomba radhi kwa lile bango. Alinitazama kwa upole tu, na upole ule ulinichoma zaidi. “Bango halikuniuma sana, anko. Duka lile halikuniita kitu. Wewe kwenye gazeti, mwanzo mpaka mwisho, uliniita yule mweusi. Ukaja hadi nyumbani, ukanywa chai, ukaondoka. Jina langu hukuuliza.”

Nilimwuliza pale pale, mbele ya waombolezaji, akanitajia. Kwa ombi lake siliandiki hapa. Miaka yote hii nimekuwa nikisema nilimtetea, kumbe nilitetea rangi yake tu, mwenyewe nikamwacha. Kuanzia sasa, kabla sijaandika neno kwa niaba ya mtu, nitakwenda kwanza kubisha hodi kwake.