Siku Zaina Alipobebwa kwa Kipoyi

Chekeni tu, sitakasirika, maana hii aibu nimeibeba miaka mingi na kwetu Wamaza kijiji kizima wanaijua, hata watu waliozaliwa nyuma yake. Afadhali muisikie kwangu kuliko kwa mama mukwe, yeye anaongezaga chumvi (ile habari ya mimi kulia ni uongo, macho yaliingia vumbi).

Wakati ule wa Wabelgiji nilikuwa karani wa pamba, kijana, na kaputula yenye mikunjo ya pasi, sosete ndefu za kufika magotini, na kofia ngumu nyeupe ya Kizungu ambayo Bwana wangu, Muzungu wa pamba, alinipa ilipopasuka upande mumoja. Ule upande niliugeuzia nyuma. Muke wangu Zaina alikuwa na mimba yetu ya kwanza, na muganga wa dispansere alipompapasa tumbo akasema mutoto amekingama, asizalie nyumbani, aende hospitali ya Kasongo akangojee huko huko. "Muondoke juma hili," akaniambia. "Usikawie, karani."

Basi, mimi nikakawia. Mama mukwe alifunga mzigo kwa siku moja tu: vitambaa sita vya merikani alivyovifua mpaka vikawa laini, vya kumfunikia mutoto, sabuni, mawese, unga wa muhogo, sufuria. Akaviweka mlangoni, tayari. Mimi nikasema ngoja kwanza, muke wa karani atembee siku tatu kwa miguu kama mutu anayepeleka pamba? Haiwezekani! Ndani ya hangari ya kuwekea pamba kulikuwa na kipoyi cha zamani, kile kiti chenye miti miwili ambacho Wazungu walikuwa wanabebewa mabegani na watu wane, Bwana alikiacha aliponunua motokari. Nikakiomba, nikakitengeneza juma zima, kamba mpya, godoro dogo la pamba, nikakisugua mafuta mpaka kinang'aa. Ikabaki kivuli cha juu. Nikatazama pale mlangoni, nikaona vile vitambaa vyeupe.

"Mukwe wangu," mama mukwe akasema, anaangalia chini kwa heshima, "hivyo ni vya mutoto."

"Mama, tukifika tutavifungua. Usiwe na wasiwasi."

Tukatoka. Zaina iko juu, ameshika miti kwa mikono yote miwili, anasema kipoyi kinayumba, wabebaji wanaimba (kipoyi bila wimbo hakiendi), mama mukwe nyuma na sufuria kichwani, mimi mbele na kofia yangu na fimbo. Jamani, nilivyojiona siku ile! Kijiji cha kwanza kapita, musimamizi wa kijiji, alikuwa amepanga watu wake barabarani, akatupigia saluti, halafu akamuona Zaina na mkono wake ukabaki pale pale kwenye kichwa. Nikacheka. Sikufikiri kwamba ngoma yake ilikuwa imekwisha kupeleka habari mbele: Bwana mukubwa anakuja, kipoyi cheupe. Kijiji cha pili tulikuta mioto inawaka na chungu cha sombe, majani ya muhogo, kinachemka, mutu hakuna. Wote walikimbilia porini, maana ilikuwa majira ya kukagua mashamba ya pamba, na wenye mashamba mabovu walijua majina yao yameandikwa (aliyeyaandika ni mimi, lakini hilo tuliache).

Siku ya tatu asubuhi tukafika mtoni. Kasongo iko ng'ambo, mwendo mfupi tu. Mitumbwi iko kule ng'ambo, wavushaji hawapo, makasia hayapo. Nikaita, kimya. Nikaita tena kwa sauti ya ukarani, ndiyo nikaharibu kabisa. Hapo Zaina akasema polepole, "Ramazani, uchungu umenishika."

Niliogopa, siwafichi. Mutoto amekingama, hospitali iko pale karibu, na wavushaji nimewafukuza mimi mwenyewe kwa kofia.

Zaina akashuka, akaenda mpaka ukingoni na tumbo lake, mama yake amemushika kiuno, akapaza sauti kwa Kibangubangu, luga ya kwetu: hapa hakuna Muzungu, ni mimi Zaina wa Wamaza, nataka kuzaa, na huyu mwenye kofia ni bwana yangu tu!

Kichaka cha ng'ambo kikajibu, "Avue tuone!"

Nikavua kofia.

"Na sosete!"

Nikakaa kwenye mchanga, nikavua mguu mumoja, nikavua wa pili.

"Ageuke!"

Nikageuka (hii ya kugeuka sijaielewa mpaka leo). Kicheko kikatoka kichakani kabla ya watu wenyewe.

Kipoyi hakikuingia ndani ya mutumbwi, tukakiacha. Wavushaji wakambeba Zaina kwa blanketi mpaka mlango wa maternite, nyumba ya kuzalia pale hospitali, bila wimbo. Masere, mutawa wa Kizungu anayezalisha, akamupokea, mlango ukafungwa, nikabaki nje, kichwa wazi na miguu mitupu, namuomba Mungu aniachie hawa wawili. Jua lilikuwa juu kabisa masere alipotoka: mutoto amegeuzwa, amezaliwa, ni binti, na mama yake muzima. "Leteni vitambaa vya kumufunika."

Mama mukwe akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nioe binti yake. Vitambaa vilikuwa ng'ambo ya mto, juu ya kipoyi, vinatia kivuli kiti kitupu.

Nikavua shati. Masere akalipokea, akatoa kalamu yangu mfukoni mwa shati, akanirudishia.

Tulizaa tena mara ine, na kila mara tuliondoka mwezi mzima mbele, kwa miguu, tunapumzika Zaina akitaka, vitambaa viko juu ya kichwa changu mimi. Sasa yule binti wa shati ana mimba yake ya kwanza. Juzi bwana yake alikuja kuniaga, suti imepigwa pasi, kofia mpya, anasema anatafuta motokari ya kumufaa muke wake.

"Vitambaa viko wapi?" nikamuuliza.

Hakujua.

"Mukwe wangu," nikasema, "kwenda uvitafute. Na hiyo kofia, nipe niiweke."